Maonyesho ya Migongo

Huko Kainuu, kaskazini mwa Ufini, mtu akidondosha glavu yake njiani, anayepita nyuma huiokota na kuichomeka juu ya kijiti kando ya barabara. Mwenyewe akirudi wiki ijayo huikuta pale pale, imekakamaa kwa baridi lakini haijaguswa. Natanguliza hili ili msije mkamwona Airi Keränen mwendawazimu. Alikuwa na akili zake timamu. Alikuwa tu mtu wa kwao, na watu wa kwao uongo mdogo huwalemea kuliko gunia la viazi.

Airi alikuwa mjane wa miaka sabini na ushee, mpishi mstaafu wa shule ya kijiji, ile iliyofungwa watoto walipokwisha. Mwanawe wa pekee, Tuomo, alikuwa mpiga picha. Si wa harusi wala wa vitambulisho. Alikuwa wa zile picha zinazotundikwa ukutani watu wakazitazama huku wamekunja mikono. Alikufa ziwani mwezi wa nne, miaka sita iliyopita, barafu ya mwisho wa majira ya baridi ilipomfungukia chini.

Mtu akifa, jina lake nalo huondoka, ila huondoka kidogo kidogo. Benki ndiyo iliyoacha kwanza kumwandikia Tuomo. Kampuni ya simu ikafuata. Kisha watu wa kodi, ambao hawamwachii mtu kirahisi, nao wakamwachia. Hata daktari wa meno aliyekuwa akimkumbusha kila vuli akanyamaza. Ikabaki barua moja tu kwa mwaka, iliyofika mwanzo wa kiangazi kutoka Helsinki, kwenye chama kinachosimamia hakimiliki za wasanii. Juu ya bahasha iliandikwa: Kwa warithi wa msanii wa picha Tuomo Keränen.

Barua hiyo haikuja bure bure. Utaratibu wake ni huu: picha za msanii zikionyeshwa hadharani, msanii ana haki ya mrabaha, nao haujileti wenyewe. Ni lazima aripoti. Anakiandikia chama picha zilionyeshwa wapi, lini hadi lini, zilikuwa ngapi, na kwamba mahali pale palikuwa wazi kwa watu wote. Akifa, warithi wake wanaripoti badala yake. Mwisho wa kuripoti ni mwisho wa mwezi wa tatu. Asiyeripoti hapati kitu, wala haandikiwi barua. Asiyekuwepo na lake halipo, na hapo Helsinki hawatofautiani sana na Waswahili.

Fedha yenyewe haikutosha hata kununulia buti, na Airi hakuwa na haja nayo. Haja yake ilikuwa bahasha. Siku ile ya kiangazi tarishi alipoitia sandukuni, kulikuwa na mtu mahali fulani, katika ofisi yenye taa, aliyeandika jina la mwanawe na kuliita la msanii. Airi aliila siku hiyo kama sikukuu. Alivaa blauzi nzuri, akachemsha kahawa, akaisoma barua akiwa amekaa wima.

Ili apate cha kuripoti ilibidi kila mwaka picha zitundikwe mahali. Mwaka mmoja zilitundikwa kwenye maktaba ya mjini, mwaka mwingine kwenye ukumbi wa zahanati, mwingine kwenye duka la dawa. Sehemu kama hizo watazamaji hawakosekani. Mtu anayengoja dawa ya kifua atatazama nini kama si ukuta? Lakini mwaka huu maktaba ilikuwa inakarabatiwa, zahanati ilikuwa imehamishiwa mjini, na duka la dawa lilikuwa limepata mwenye duka mpya aliyetaka ukuta wake kwa ajili ya mafuta ya kujipaka. Airi akaomba ufunguo wa shule ya zamani, ambayo chama cha kijiji huitumia kwa mikutano na bingo. Akawasha jiko la kuni siku mbili mfululizo mpaka kuta zikaacha kutoa jasho. Akatundika tangazo dukani na jingine kwenye ubao wa matangazo wa barabarani: maonyesho ya picha, wiki nzima, kuanzia adhuhuri, kahawa ipo.

Picha zilikuwa za migongo. Tuomo alipoanza kuwapiga watu wa kijiji walimkatalia, maana ni watu wenye haya, na mbele ya kamera nyuso zao huwa kama zimetiwa wanga. Akawaambia basi geukeni, endeleeni na kazi. Akapiga migongo: mgongo wa mtu anayepasua kuni, wa mtu aliyeinamia tundu la barafu akivua, wa bibi anayekoroga uji, wa mchungaji wa kanisa akisukuma gari lililokwama. Hakuna uso hata mmoja, lakini kijiji kizima kilikuwemo humo, na kila mtu angeweza kutaja mgongo wa jirani yake.

Aliyemsaidia kutundika alikuwa Eila, jirani na rafiki yake tangu ujana, mwanamke wa maneno mengi katika nchi ya watu wa maneno machache, mwenye nyonga ya chuma aliyoipata hospitali ya Oulu na kuisifia kama wengine wanavyosifia gari. Eila ndiye aliyeshika misumari, Eila ndiye aliyeoka mikate mitamu ya iliki, Eila ndiye aliyekaa karibu na birika. Siku ya kwanza walikaa wawili hao mpaka jioni. Jua la mwezi wa tatu liliingia dirishani, likazunguka ukuta mzima, likatoka. Mtu hakuja.

Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu walisikia gari likipunguza mwendo nje, Airi akasimama akajishika nywele, gari likaongeza mwendo likaenda zake. Hali ya hewa isingiziwe nini? Ilikuwa shwari, anga la buluu, theluji inayong'aa, siku ambazo hata wagonjwa hutoka nje. Katikati ya wiki Eila alikwishachoka kuila mikate yake mwenyewe.

Akasema, "Andika watu kumi, tumalize. Mimi peke yangu na nyonga yangu tunahesabika wawili."

"Wewe huhesabiki," Airi alimjibu. "Wewe ni mwenye shughuli. Mpishi wa harusi hahesabiwi miongoni mwa wageni."

"Nimezitazama picha zote, mwenzangu. Nimezitazama mpaka mgongo wa mchungaji naweza kuuota."

"Umezitazama ukiwa na nyundo mkononi."

Eila alikasirika kidogo, akaenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Lakini alimjua mwenzake. Airi alipokuwa mpishi wa shule aliwahi kukosea hesabu ya maziwa, akatembea na katoni moja hadi ofisi ya kata kwenda kuirudisha, wakati ule barabara ikiwa bado imefungwa na theluji. Mtu wa namna hiyo humwambii andika kumi.

Siku ya Ijumaa Airi alipiga simu Helsinki. Alipokea msichana mwenye sauti laini, aliyemsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Airi alilihesabu kuwa adabu. Msichana akauliza kama maonyesho yalikuwa wazi kwa umma. Airi akasema yalikuwa wazi, mlango wenyewe ulikuwa wazi mpaka yeye akapata mafua. Basi inatosha, akasema msichana, ripoti tu, mama, usiogope.

"Lakini hakuja mtu," Airi akasema.

"Fomu haiulizi waliokuja ni wangapi."

"Najua haiulizi. Ndiyo maana nimepiga, ili mtu aniulize."

Kisha msichana akasema taratibu kwamba yeye hawezi kumwambia asiripoti, maana haki ile si ya mama, ni ya marehemu, na marehemu hakukosa lolote. Ndiyo maneno aliyosema, na yalikuwa maneno mema. Airi akamshukuru, akakata simu, akakaa na mikono mapajani. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi kama maji ya kunywa. Kuonyesha ni kumwonyesha mtu. Picha isiyoonwa na mtu haikuonyeshwa, imetundikwa tu, na kutundika hata koti hutundikwa. Akiripoti hivi, kiangazi bahasha itakuja yenye jina la Tuomo, na ndani yake kutakuwa na uongo wa mama yake. Asiporipoti, haitakuja. Jumapili ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho na siku ya mwisho ya kuripoti. Usiku ule alilala macho.

Jumamosi, walipokaa tena wawili mbele ya kuta zilizojaa migongo, Airi akauliza hatimaye lile alilokuwa akilizunguka wiki nzima. Je, watu wa kijiji walimsahau Tuomo? Au walimchukia kwa jambo asilolijua?

Eila aliweka kikombe chini.

"Hawajamsahau," akasema. "Wanakuachia nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya huzuni yako. Wanasema tusimsumbue Airi. Mauno wa dukani jana alikuja mpaka kwenye mlingoti wa bendera hapo nje, akasimama, akarudi. Nilimwona dirishani. Anasema angeingia angesema nini? Wote ndivyo wanavyosema. Wanaogopa wakikutajia mtoto watakutonesha."

Hapo ndipo Airi alipoelewa miaka yake sita. Elewa na wewe: katika nchi ile kumwacha mtu peke yake ni heshima. Mtu akifiwa, jirani haji kulia naye. Huja kimya kimya akampasulia kuni, akaziacha ukutani, akaondoka kabla hajaonekana. Wanadhani hivyo ndivyo mapenzi yanavyopaswa kuwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini heshima ikizidi kipimo huwa sawa na kuzikwa. Airi alikumbuka kuni zilizokuwa zikiongezeka zenyewe, samaki aliyefungwa gazeti mlangoni, mkate ulioachwa kwenye ngazi.

"Ule mkate ulikuwa wako?"

"Mwaka wa kwanza, ndiyo. Nilikuwa nauweka halafu nakimbia, na nyonga yenyewe bado ile ya zamani." Eila alitaka kucheka, akaacha. "Nisamehe, mwenzangu. Hata mimi sikujua la kusema."

"Ungesema Tuomo," Airi akasema. "Ungesema hilo tu. Wameniachia nafasi, nafasi imekuwa kubwa mpaka nikikohoa nasikia mwangwi."

Akalia, mbele ya mtu, mara ya kwanza tangu mazishi. Eila akamshika mkono, jambo ambalo kwao si dogo. Baadaye Eila akatoa simu yake, akasema atawapigia wote sasa hivi, kesho ukumbi utajaa hadi watu wakanyagane. Airi akamzuia. Mgeni wa kuitwa kwa kuonewa huruma si mgeni, akasema, ni mtu aliyeamriwa. Eila akamwita mkaidi, akamwita punda wa Kainuu, akaenda nyumbani ameudhika. Mimi naona Eila alikuwa na haki. Lakini maombolezo hayasikilizi haki.

Usiku huo theluji ilianguka, laini na nyingi. Jumapili Airi alifika shuleni peke yake, maana Eila alikuwa kanisani, akakuta trekta linasukuma theluji uani. Aliyeliendesha alikuwa Jouni Tervo.

Jouni ndiye aliyekuwa anaendesha pikipiki ya theluji siku ile ziwani. Yeye mbele, Tuomo nyuma yake na kamera. Jouni alifika ufukweni, Tuomo hakufika. Polisi waliandika ajali, mchungaji akasema mapenzi ya Mungu, na hakuna aliyesema zaidi. Airi hakuuliza, Jouni hakusimulia. Walikuwa wamesoma pamoja shule hii hii, hao vijana wawili, na Airi mwenyewe ndiye aliyewapakulia uji, kila mmoja bakuli lake, Jouni akiomba kuongezwa. Baada ya mazishi Airi hakumlaani. Aliacha tu kumsalimu. Akimwona anakuja huku, yeye alipita kule. Kila baridi ilipokuja ua wake ulikutwa umesafishwa theluji alfajiri, naye alijua ni nani, wala hakutoka kamwe kusema asante.

Sasa alisimama dirishani akamtazama. Kijana yule, ambaye si kijana tena, alikuwa amesafisha ua mzima, akafungua nafasi ya magari mengi, kana kwamba karamu inakuja. Gari hata moja halikuwepo. Akamaliza, akashuka, akachukua koleo akaanza kusafisha ngazi kwa mkono.

Airi aliitazama saa. Zilibaki saa chache tu. Akafungua mlango.

"Jouni."

Koleo likasimama. Ilikuwa miaka sita hajaitwa na sauti ile.

"Njoo ndani utazame picha," Airi akasema. "Sikuiti kwa wema, usije ukadhani. Nahitaji mtu mmoja azitazame ili niripoti maonyesho kwa uaminifu. Ukishazitazama utakwenda zako."

Kwa Jouni hakuwa na haya ya kuomba, maana mtu hamwonei haya yule aliyekwisha kumfuta. Ndivyo alivyojidanganya. Jouni alisema, "Sawa, mama." Akapanda ngazi, akakung'uta theluji, akavua buti zake mlangoni kama inavyopasa, akaingia na soksi za sufu zenye kiraka kisiginoni. Airi aliziona soksi hizo, akakasirika kwa kuziona.

Jouni alianza upande wa mlango, akaenda picha kwa picha. Hakuwa mtu wa kupita haraka. Mbele ya kila mgongo alisimama, akaangalia juu hadi chini, na mara moja, mbele ya mchungaji na gari lililokwama, pumzi ilimtoka puani kama mtu aliyetaka kucheka akajikumbusha. Airi alikaa karibu na birika, hakummiminia kahawa. Jambo hilo peke yake, kwao, ni tusi zito kuliko matusi yote unayoyajua wewe na mimi.

Kwenye ukuta wa dirishani Jouni alikwama. Picha ile ilikuwa na mgongo mpana wa mtu aliyekaa, umejaza fremu karibu yote, koti jeusi lenye mshono uliofumuka begani, na ng'ambo ya bega weupe wa ziwa na mstari mwembamba wa misonobari.

"Mama, huyu ni nani?"

"Humjui?"

"Koti nalijua." Akasogea karibu. "Koti ni langu."

"Basi ni wewe. Nani anaujua mgongo wake?"

Mikono ilimning'inia. Halafu akasema, si kwa Airi hasa, "Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akiniona."

Picha ilipigwa baridi iliyotangulia ile ya mwisho, katika safari kama zile walizozoea, Tuomo nyuma na kamera kifuani. Airi alitaka kumwambia hilo, ili aondoke akidhani si kitu. Lakini Jouni alikwisha kuanza kusema, uso wake ukiwa bado ukutani.

"Aligonga mgongo wangu mara mbili."

"Nani?"

"Tuomo. Siku ile. Ndiyo ilikuwa alama yetu, injini ilikuwa na kelele, hatukuweza kusikizana. Akigonga mara mbili, maana yake simama, kuna picha. Na kila siku nilisimama, mama. Hata baridi ya kukata masikio nilisimama, nikamtukana, akacheka, akapiga picha yake. Siku ile aligonga katikati ya ziwa, na mimi niliona barafu imeanza kuwa ya kijivu. Nikasema moyoni, hapa hapana, nitasimama ufukweni. Nikaongeza mwendo. Nilipofika ufukweni nikageuka nimtukane, kiti kilikuwa kitupu."

Birika lilikuwa likitoa mvuke. Airi hakuweza kulitazama wala kutazama penginepo.

"Sijui aligonga kwa ajili ya picha, au aliona barafu inakatika nyuma yake," Jouni akasema. "Hilo ndilo nisilolijua. Nilirudi nikitambaa kwa tumbo mpaka kwenye tundu, nikaingiza mikono yote miwili. Hakukuwa na kitu. Nimetaka kukuambia kila mwaka. Nilikuwa nikimaliza kusafisha ua wako nasimama pale mlangoni, halafu nasema nisimsumbue."

"Ungesimama," Airi akasema.

"Ndiyo."

"Alipogonga, ungesimama, Jouni."

"Ningesimama, mama."

Labda angesimama pale kwenye barafu ya kijivu wangezama wote wawili. Airi alilijua hilo, amezaliwa kando ya ziwa lile. Hakulisema, kwa sababu lilikuwa neno la kumpa mtu, na hakuwa tayari kumpa Jouni kitu. Kwa miaka sita aliona usiku mwanawe akipiga kelele na mwenzake akikimbia bila kugeuka. Sasa ameambiwa hakukuwa na kelele. Kulikuwa na kugonga mara mbili tu, na kiti kitupu. Haikuwa afadhali. Maumivu yalibadilika umbo, yakaingia mahali papya ambapo hajawahi kupazoea, naye akahisi baridi mpaka kwenye fizi.

"Basi," akasema. "Umezitazama. Sasa naweza kuripoti. Nenda."

Jouni akaitika kwa kichwa. Hakuomba msamaha, maana msamaha huombwa na mtu anayetumaini kuupata. Alikwenda mlangoni na soksi zake za kiraka, akainama kuvaa buti.

Airi alikuwa amekwisha kupata alichokitaka. Fomu ilikuwa tayari kwenye kompyuta nyumbani, imejazwa yote, imebaki tu kutumwa, na sasa ingetumwa bila aibu: maonyesho yalikuwepo, na mtu aliyaona, picha moja baada ya nyingine, kuliko zilivyowahi kuonwa na wangoja dawa wote wa mjini. Kiangazi bahasha itakuja. Angeweza kuketi akamwacha mtu huyu aende na trekta lake.

Lakini aliutazama mgongo ule ulioinama. Koti lilikuwa jingine, mgongo ulikuwa ule ule. Na wazo likamjia polepole: mkono wa mwanawe, kabla ya maji, uligusa hapa. Kitu cha mwisho chenye joto alichokigusa Tuomo duniani kilikuwa hiki, na kwa miaka sita kilikuwa kikipita mbele ya nyumba yake kila alfajiri, naye akivuta pazia.

Akainuka. Akatembea mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya Jouni, na hakujua atasema nini, kama vile Mauno hakujua, na Eila, na kijiji kizima. Akainua mkono, akagonga mgongo wa Jouni mara mbili.

Jouni akaacha buti. Hakugeuka. Mabega yake yakaanza kutikisika, kimya kimya, kama ya watu wa kwao, na Airi akauacha mkono wake pale pale juu ya koti, akisubiri mpaka atakapoweza kumwambia kahawa ipo.